Handaki la Mvua

Kampala nzima, wakati ule, hapakuwa na mtu aliyekionea wivu Kiswahili kama Bi Mahfudha binti Uthman wa Kibuli. Wengine huwaonea wivu waume zao. Yeye mumewe alikwisha kufa, na hata alipokuwa hai hakumlinda kwa ukali ule. Babu yake alikuja na misafara kutoka Pangani, akabaki kuwasomesha watu Kurani, na mpaka anakata roho alikuwa akiwasahihisha waliokuja kumuuguza. Mahfudha alirithi chuo, mikeka na ulimi. Mtoto akisema "kitabu yangu" alirudishwa mlangoni, abishe hodi upya, aseme "kitabu changu", ndipo apate pa kukaa.

Lililomchoma ni hili: mjini humo Kiswahili kilikuwa lugha ya kambi na vituo vya polisi. Kilikuwa lugha ya "kuja hapa" na "lala chini". Waganda wengi walikichukia, na mwenyewe aliwaelewa, kwa maana nani atapenda lugha anayoisikia akiwa amenyoosha mikono juu? Alikuwa akisema kwamba wamemteka mtoto wa watu, wakamvika magwanda, na sasa kila anayekutana naye njiani anamkimbia.

Basi mwaka wa sabini na tatu serikali ya wanajeshi ikatangaza kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa. Wengi walinuna. Mahfudha alifurahi, na asilaumiwe, kwani hata aliyetekewa mtoto hufurahi akiambiwa mtoto atatembezwa sokoni. Redio ikawa inatafuta watu wanaokijua. Ndugu yake Abdulghani, aliyekuwa na duka la vitambaa, alimsihi asikanyage huko. Alisema nyumba ya simba haina mlango wa kutokea. Mahfudha akajifunga buibui lake akaenda, na wiki hiyohiyo akawekwa kwenye kipindi cha wakulima kilichokuwa kikisikika hadi kaskazini, kwenye nchi kavu za mashariki ya Kitgum na mpakani mwa Karamoja.

Mkuu wake alikuwa Kapteni Sulaimani, mwanajeshi aliyepewa idara kama mtu anavyopewa zamu ya ulinzi. Hakujua redio, lakini alijua kukunja uso. Aliyekuwa akileta maneno ya ukulima ni bwana shamba mmoja, Erinayo, Mganda mwembamba aliyefanya kazi miaka mingi katika nchi hizo kavu na kupenda watu wake.

Siku ya somo la udongo Erinayo alikuja na sinia la bati lenye udongo aliouzoa njiani, na birika la maji kutoka jikoni. Akaliegemeza sinia likae mteremko, akamimina. Maji hayakuingia ardhini hata kidogo. Yaliteleza juu ya ule udongo mkavu, yakajichorea njia nyembamba, njia ikapanuka, na kabla birika halijaisha meza ilikuwa tope tupu na siniani pamebaki bati jeupe. Kwa Kiswahili chake cha kuungaunga alieleza kwamba huko mvua haiji mara nyingi, lakini ikija huja na hasira. Ardhi imekwisha kuokwa na jua, uso wake mgumu, haijui tena kunywa. Maji hukimbia na udongo wa juu, ule mweusi wenye rutuba, na mkulima akiamka anakuta makorongo yanayoweza kummeza ng'ombe. Watu wanadhani wanakufa kwa kukosa mvua, alisema, kumbe mvua wanayo, ila inapita mbio na chakula chao mgongoni.

Akaweka udongo mwingine, safari hii akapitisha kidole kukata mteremko, si kutoka juu kwenda chini, bali upande kwa upande, sawasawa, pasipo mlango wa kutokea. Akamimina tena. Maji yakashuka, yakafika kwenye ule mchirizi wa kidole, yakasimama. Yakakaa pale yakinywewa polepole, na meza ikabaki kavu. Mahfudha, ambaye hakuwahi kulima hata mchicha, alijikuta machozi yanamlengalenga kwa jambo lile dogo. Akamwomba amwonyeshe tena.

Sasa shimo hilo lipewe jina gani? Hapo ndipo balaa lilipoanzia, na lilianza kwa nia njema, kama mabalaa mengi. "Mfereji" alikataa, kwa sababu mfereji hupeleka maji, na hili linayasimamisha. "Mtaro" alikataa pia. Mtaro wa Kampala kila mtu aliujua, ule wa nyuma ya soko la Owino uliojaa maganda ya ndizi na panya waliokufa, na hakutaka mkulima ayachanganye mambo hayo. Akafumba macho, akamsikia marehemu baba yake chuoni akisimulia Vita vya Handaki vya zama za Mtume: mji umezingirwa, wenyewe wachache na wana njaa, wakachimba handaki kuuzunguka, na adui na farasi zake wote akafika ukingoni akasimama kama mjinga. Handaki, kwa Mahfudha, halikuwa neno la kushambulia. Lilikuwa neno la watu waliotaka tu kuachwa salama na walicho nacho. Ndilo hasa alilolitaka.

Akaliandaa somo, akalisoma kwenye kipaza sauti kwa ile sauti yake ya kutua: "Maji ya mvua yakija kwa fujo ni adui. Chimbeni handaki, mumngojee huko juu, asipite na udongo wenu."

Sulaimani alipiga meza kwa furaha. Enzi hizo kila kitu kilikuwa vita. Kulikuwa na vita vya uchumi, kukawa na vita vya mbu na vita vya uchafu. Chumvi ikikosekana madukani ilikuwa ni vita, sabuni ikikosekana ni vita vilevile. Alisema sasa mama ameelewa Kiswahili cha serikali, akaamuru somo lirudiwe msimu mzima. Mahfudha akarudi Kibuli akitembea kama aliyeoza binti mahali pazuri. Kwa mara ya kwanza alimsikia mtoto wake aliyetekwa akisema jambo la kheri, tena kwa sauti kubwa, nchi nzima.

Msimu ukapita, na mwingine ukaanza. Asubuhi moja mwanamke mrefu, gauni lake la maua limepauka, miguu ina vumbi la safari, alisimama kwenye lango la redio akimuulizia "mama ya handaki". Askari wa zamu walimcheka, wakamfukuza. Akavuka barabara akakaa. Watu waliingia na kutoka, yeye katulia, mpaka Mahfudha alipofika na kumwambia mlinzi "hujambo, mwanangu, umeamkaje". Yule mwanamke akainuka hapohapo. Hakumjua kwa sura, alimjua kwa sauti.

Jina lake Alanyo, Mwacholi wa mashariki ya Kitgum. Mumewe, Ochan, alikuwa konstebo wa polisi miaka mingi huko Jinja, na Kiswahili chao wote wawili kilikuwa cha kota za polisi. Alipostaafu alirudi kwao akalima mtama na ufuta kwenye kilima kilichotazama barabara. Shamba lilikuwa la baba yake, na kila mwaka lilikuwa likipungua pasipo jirani kuiba hata hatua: mvua ilikuwa ikilibeba. Mizizi ya mtama ilikuwa nje kama vidole. Ochan alikuwa na redio ya betri. Alisikia somo, akasikia marudio yake, akalishika kwa moyo. Kisha akachimba.

Alichimba kama alivyoambiwa, upande kwa upande, udongo akiurundika ukingo wa chini. Na neno lilikuwa kweli. Mvua ya kwanza ilipokuja kwa hasira zake, maji yalilala ndani ya yale mahandaki, na mtama wa Ochan ukasimama wa kijani wakati wa majirani umekunjamana. Majirani wakaja kuangalia. Wengine wakachukua majembe.

Wakaangalia na wengine pia. Lori la wanajeshi lilipita barabarani, na kutoka barabarani walichokiona ni kilima kilichochimbwa mistari, na kila mstari una boma la udongo mbele yake, limewatazama wao. Zilikuwa siku ambazo serikali iliogopa waliokimbilia nje kuliko mtu anavyoogopa nyoka kitandani, na Mwacholi aliyewahi kuvaa sare alikuwa na hatia kabla hajaulizwa. Wakakipanda kilima. Wakamuuliza Ochan hii ni nini. Ochan akakakamaa kama alivyofundishwa kikosini, visigino pamoja, akajibu kwa lile neno alilolisikia kwenye redio ya serikali yenyewe.

"Ni handaki, afande."

Ya nini?

"Ya adui, afande. Namngojea huku juu, asipite."

Walimpiga hapohapo mbele ya mtama wake, wakamtupa ndani ya lori, na mwisho wa fununu zote alizofuata Alanyo ulikuwa kambi moja ya Kampala. Hakulia aliposimulia. Alikuwa amekwisha kulia njiani. Alimtazama Mahfudha usoni akasema: "Mama, maneno hiyo si yake. Ni yako. Kuja useme kwao ni yako."

Mahfudha alishikwa na baridi, halafu akashikwa na hasira, na hasira ndiyo iliyokaa. Akapanda ngazi hadi kwa Sulaimani. Akamkumbusha jinsi alivyopiga meza, jinsi alivyoamuru somo lirudiwe. Aliomba jambo moja tu, kwamba mkuu aseme kambini kuwa neno lilitoka redioni na mkulima amelitii. Sulaimani alichezea kalamu. Alisema redio haikusema kitu kama hicho. Mahfudha akasema tepu ipo. Sulaimani akasema tepu imefutwa, juu yake imerekodiwa hotuba, kwa hiyo haikusemwa. Hivyo ndivyo ukweli ulivyokuwa enzi hizo, kitu cha kufutia na kurekodia juu yake! Na bwana shamba Erinayo je? Erinayo aliposikia habari ya Ochan alikuwa amekwisha vuka Busia kuingia Kenya, na nani angemlaumu.

Abdulghani alikuja Kibuli jioni hiyo kumtuliza dada yake. Alimwambia kwamba amefanya vizuri kuulizia, basi yatosha, amwachie Mungu. "Dada, mdomo huponza kichwa," alisema.

"Kichwa kilichoponzwa si changu," Mahfudha akamjibu. "Kingekuwa changu ningekaa kimya."

Kesho yake alichukua sinia lake la kupakulia wali na birika la chai, akaenda na Alanyo mpaka kambini. Sijui aliingiaje. Wenyewe waliosimulia wanasema askari wa lango walimdhania ameleta chakula cha mkubwa fulani, na alipofungua kinywa, mmoja akaitambua ile sauti ya redio na kumpigia saluti. Waliwapeleka kwa Meja. Meja alikuwa mtu mnene, mpole wa sura, ameweka kofia mezani kando ya chupa ya soda.

Alimsikiliza mpaka mwisho, hilo Mahfudha hakulikana maisha yake yote. Kisha akatikisa kichwa.

"Mama, mimi askari," alisema. "Handaki ni kitu ya vita. Hii hakuna mtu anaweza kufundisha mimi."

"Naam, afande. Na mimi handaki jingine, la shamba, nitakufundisha."

Akaweka sinia juu ya meza ya serikali, akalijaza udongo aliouzoa kwenye uwanja wa gwaride, akaliegemeza kwenye ile kofia, akamimina birika. Tope likatiririka mpaka magotini mwa Meja. Mahfudha akajaza tena, akapitisha kidole chake chenye hina upande kwa upande, kama Erinayo, akamimina. Maji yakasimama. Meja akainama. Akaingiza kidole chake mwenyewe, akaongeza mchirizi wa pili chini ya ule wa kwanza, akamwambia amimine tena. Alimimina. Meja akacheka kwa raha, kama mtoto aliyefaulu kutengeneza kitu. Akasema kwao pia, huko West Nile, maji yanakula shamba la mama yake namna hiyohiyo, na kumbe dawa ni ndogo hivi.

Basi mtu angedhani mambo yameisha. Asiyeelewa husamehewa, na ndiyo maana Mahfudha alikuwa tayari kuwasamehe wote siku ile. Lakini Meja alikuwa ameelewa, na kwa hilo Mahfudha hakumsamehe kamwe.

Meja alipangusa magoti, akaketi. Alisema Ochan ataachiwa, ni mjinga tu, hana kesi. Lakini jeshi lilikwisha peleka juu habari kwamba kaskazini kuna mahandaki ya maadui, na wakubwa wakisikia ni ya mtama watauliza nani aliyewachekesha. Kwa hiyo mahandaki yatabaki ya maadui. Ochan atarudi ayafukie yote, askari wakiangalia. Na mama, kwa kuwa watu wa huko wanaijua sauti yake, atatangaza redioni kwamba ni marufuku.

"Lakini umeona maji yakisimama," Mahfudha akasema. "Umeyaona kwa macho yako."

"Nimeona."

"Na shamba la mama yako?"

Meja akachukua kofia yake, akaitazama jinsi ilivyolowa. "Chagua, mama," alisema. "Handaki ama mtu."

Mwenye nguvu mpishe, walisema wahenga, na wahenga walisema mengi wakiwa wamekaa mbali na kambi. Mahfudha alimtazama Alanyo, aliyekuwa amesimama ukutani mikono kifuani, haombi, anangoja tu. Akasema aletewe mtu huyo. Akaletwa. Aliingia akijishikilia ukuta, meno ya mbele hana, shati si lake. Mahfudha alipomsalimu, yule mtu alijaribu kuunganisha visigino. Aliijua sauti hiyo, na bado aliiheshimu. Hilo ndilo lililomvunja Mahfudha, si meno.

Alisoma lile tangazo wiki ileile. Sulaimani mwenyewe alisimama nyuma yake kuhakikisha halikosekani neno. "Ni marufuku kwa mwananchi yeyote kuchimba handaki shambani au mlimani kwa sababu yoyote ile." Likarudiwa msimu mzima, kama lilivyorudiwa lile la kwanza, na watu wa nchi kavu wakatii sauti waliyoizoea. Walichukua majembe yaleyale wakafukia. Mtu mmoja alitoka kambini, na mashamba sijui mangapi yakaingia makorongoni. Ukimwuliza Mahfudha kama alichagua vema, alikuwa akikujibu kwamba yeye hakuchagua. Jambazi akikwambia chagua roho au mali, alisema, aliyechagua ni jambazi. Baada ya tangazo hilo aliwaambia redioni kwamba koo limemfunga, akarudi chuoni. Watoto wakashangaa kwamba siku hizo waliweza kusema "kitabu yangu" na mwalimu akatazama dirishani tu.

Maji yakimwagika hayazoleki, na udongo ni vivyo hivyo. Ochan alifukia mahandaki yake huku bunduki zikimtazama, na kwa kuwa udongo uliofukiwa ni laini kuliko uliolala, mvua iliyofuata ililichukua shamba lote kwa haraka kuliko miaka yote ya nyuma. Alanyo alisema walisimama mlangoni wakalitazama likishuka, jekundu, likavuka ile barabara ya wanajeshi na kuingia mtoni. Walipoona mwamba umetokeza pale alipokuwa akilima baba yake, walifunga mizigo. Wakaja Kampala, kwa kuwa huko walikuwa na mtu mmoja tu wanayemjua, yaani yule mama.

Mahfudha aliwatafutia chumba Namuwongo, bondeni chini ya Kibuli, karibu na reli. Ochan akawa mpagazi Owino, anabeba magunia ya watu wengine. Kila mvua ikinyesha, udongo wa vilima ulishuka ukaingia vyumbani mwa Namuwongo, na Ochan aliuzoa kwa koleo akautupa nje. Alanyo alisema huo ndio wakati pekee mumewe alipokuwa akikasirika. Hakukasirikia kipigo wala meno. Alikasirikia udongo mzuri kupita mlangoni pake ukienda kupotea ziwani.

Hakumlaumu Mahfudha hata siku moja. Alimpigia saluti kila walipokutana, na Mahfudha alimwomba aache, naye hakuacha.

Kisha ukaja mwaka wa sabini na tisa, na vita, safari hii vita vyenyewe, si vya chumvi wala mbu. Majeshi ya Tanzania na ya Waganda waliokuwa nje yalikuwa yakisonga kuja mjini. Mizinga ilisikika. Na ndipo Kapteni Sulaimani, ambaye sasa alikuwa Meja, aliposimamisha gari mbele ya chuo cha Kibuli. Juu ya gari palifungwa magodoro, na ndani palijaa masanduku, maana naye alikuwa na safari yake. Alisema wakubwa wanataka sauti ya mama mara ya mwisho. Wananchi wanaijua, wataitii. Maneno yalikuwa tayari, akamsomea mwenyewe: wananchi wachimbe handaki kila mlima na kila njia, wamngojee adui, asipite.

Mahfudha alikuwa amekaa kwenye mkeka na watoto. Watoto walisema baadaye kwamba walimwona anatabasamu, na wakaogopa.

"Neno hilo ni marufuku, afande," alisema. "Nilikatazwa na nyinyi, nikalitangaza mwenyewe, na wewe ulikuwa umesimama nyuma yangu. Kwa mwananchi yeyote, kwa sababu yoyote ile. Sijasikia kwamba marufuku imeondolewa."

Sulaimani alisema huu si wakati wa mchezo. Mahfudha akasema hata ule haukuwa wakati wa mchezo. Akamwambia aende akaitafute tepu ya somo la kwanza, lina maneno hayohayo, tena yamesemwa vizuri zaidi, na hapakuwa na haja ya kumsumbua mjane. Mkono wa Sulaimani uligusa bastola. Mzinga ukalia upande wa Entebe, karibu kuliko wa asubuhi, na mkono ukaondoka. Alitazama magodoro yake, akaingia garini. Jioni hiyo tangazo lilisomwa redioni na askari fulani aliyeliburuza kama gunia: "Chimba handaki, ngojea adui, hapana acha yeye pita." Namuwongo walicheka chinichini nyuma ya milango iliyofungwa.

Lakini wanajeshi hawakungoja watu watii. Waliingia Namuwongo wakakusanya wanaume, na Ochan akiwa mmoja, wakawapeleka kwenye mteremko unaotazama barabara ya kwenda Luzira, wakawapa majembe. Mwanajeshi aliyesimamia alimuuliza Ochan kama anajua kuchimba handaki. Ochan akaunganisha visigino akasema anajua.

Na alijua, ila alijua la aina moja tu. Alichimba upande kwa upande, sawasawa, pasipo mlango wa kutokea, udongo akiurundika ukingo wa chini, na wenzake wakamfuata kwa kuwa yeye ndiye aliyeonekana fundi. Kwa macho ya askari lilikuwa handaki safi kabisa, na kwa kweli lilikuwa. Wakaingia ndani na bunduki zao. Ilikuwa Aprili, mwezi wa masika, na mvua ya Kampala haiogopi vita. Ikanyesha kama iliyotumwa. Maji yote ya kilima kile yalishuka yakalikuta handaki, yakasimama, kama yalivyosimama siniani. Mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini hawa walichimbiwa. Yaliwafika viunoni, bunduki zikazama topeni, wakatoka wakitukana kwa ile lugha ya "lala chini", wakaenda zao na hawakurudi. Adui wao alipita barabarani siku chache baadaye akitembea kwa miguu, watu wakimpungia matawi.

Vita vilipotulia mjini, Alanyo alipanda Kibuli kumwita Mahfudha. Walimkuta Ochan kwenye ule mteremko, ndani ya handaki lake, peke yake. Maji yalikuwa yamekwisha nywewa. Chini pamebaki udongo wa kilima kizima, mweusi, laini, umetulia kina cha goti, na haukuwa umepita hata konzi moja. Ochan aliushika mkononi akauminya, na kwa mara ya kwanza tangu kambini hakumpigia Mahfudha saluti. Alimnyooshea ule mkono, aone.

"Mama, tazama," alisema. "Redio ilisema kweli."

Mahfudha alitazama. Alimtafuta mtu wa kumwonyesha, Meja wa soda, au Sulaimani, au yeyote kati ya wale walioyaona maji yakisimama na bado wakaamuru mahandaki yafukiwe. Wote walikuwa wamekimbia. Akavua viatu, akashuka handakini na buibui lake, akaupokea ule udongo kwa mikono miwili, na hapo ndipo alipolia, kwa hasira, kwa sababu ulikuwa mzuri mno na haukuwa wa Ochan.